Orijino Iko Wapi?

Kazi yangu ni fotokopi. Nina mashine moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika, printa ndogo, na kifaa cha kufungia vitambulisho kwenye plastiki, hapa sokoni Dzaleka. Umeme ukiwepo nafanya kazi, ukikatika napiga soga. Miaka yote hii niliyokaa kambini, neno ninalolisikia kuliko mengine si "chakula" wala "safari". Ni "orijino". "Leta orijino." "Hii ni kopi tu, orijino iko wapi?" Watu wengi wanafika kwangu wakiwa wametoka kuambiwa hivyo, na nyuso zao nazijua kabla hawajafungua bahasha.

Ndiyo maana nataka niwaeleze habari za sarafu moja.

Vibanda vitatu kutoka kwangu yupo mama mmoja anayeuza kahawa. Sisi wote tunamwita Mama Habesha, na Kiswahili chake amekiokota hapahapa sokoni. Siku moja alikuja na kitu amekifunga kwenye kitambaa. Akafungua. Sarafu ya fedha, nzito, kubwa kuliko kizibo cha soda, imetobolewa tundu dogo juu kwa ajili ya kuvaliwa shingoni. Upande mmoja kuna mwanamke mnene mwenye shela kichwani na kipini cha lulu begani. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili. Na mwaka unasomeka wazi: 1780.

"Mwanangu, nitolee kopi huku na huku," akasema.

Sarafu ilikuwa ya bibi yake, aliyekuwa akiuza kahawa Harar zamani, wakati wanunuzi walipolipa kwa fedha kama hizi. Sasa mjukuu anataka ada ya sekondari, na kuna mfanyabiashara mmoja huko Lilongwe anayenunua vitu vya kale. Nikaiweka juu ya kioo, nikatoa uso, nikageuza, nikatoa mgongo. Hata mimi nilisisimka. Zaidi ya miaka 240 imelala juu ya mashine yangu!

Baada ya siku mbili akarudi. Hakukaa. Alisema yule mtu aliitazama sarafu dakika moja tu, akamwambia: "Mama, hii si orijino. Za namna hii zilitengenezwa nyingi baadaye. Sisi tunataka ya kwanza." Kisha akaniuliza swali ambalo halikuniacha nilale vizuri: "Kwa hiyo bibi yangu alidanganywa? Alitoa kahawa yake, akapewa kopi?"

Mimi, kabla ya fotokopi, nilikuwa mwalimu wa historia kule Uvira. Diploma yangu mwenyewe niliacha kuitafuta. Lakini swali la historia likiulizwa mbele yangu, siwezi kulipita kama silioni. Nikamwambia, "Mama, niachie mpaka wiki ijayo."

Jambo la kwanza nilimfuata jirani yangu aliyekuwa mnunuzi wa dhahabu Kamituga. Huyo alikimbia vita akiwa na vitu viwili, mtoto wake na mizani ndogo ya kupimia. Tukaiweka sarafu: gramu 27 na nusu. Usiku nikasoma kwenye simu kwamba uzito wake kamili unatakiwa kuwa gramu 28 na kidogo, na kwamba katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha tupu na zinazobaki ni shaba. Ondoa fedha iliyotoka kwenye tundu, ondoa iliyolika kwa kuvaliwa maisha mawili. Hesabu inakubali.

Kisha nikatafuta huyo mwanamke ni nani.

Anaitwa Maria Theresa, mtawala wa Austria, Hungaria na nchi nyingine za Ulaya ya kati tangu 1740. Alikufa tarehe 29 Novemba 1780. Kwa desturi, mtawala akifa sarafu yenye sura yake inaachwa na ya mrithi inaanza. Lakini wakati huo wafanyabiashara wa Uturuki, Misri na Arabuni walikuwa wameshaizoea sura ya huyu mama, hawataki nyingine. Mwanawe, Joseph II, akaruhusu iendelee kugongwa vilevile, kwa sura ileile na mwaka uleule. Basi ikaendelea. Iliyogongwa mwaka 1800 iliandikwa 1780. Iliyogongwa 1900 iliandikwa 1780. Hata hizi zinazotoka Vienna siku zetu hizi zimeandikwa 1780. Chini ya picha kuna herufi S.F., za maafisa wawili wa mtambo wa Günzburg, mji mdogo ulioko kusini mwa Ujerumani ya leo. Mabwana hao walishakufa kitambo, lakini herufi zao bado zinatia sahihi.

Na si Austria peke yake. Mwaka 1935 Mussolini alikuwa anajiandaa kuivamia Ethiopia. Alijua kwamba huko vijijini askari wake hawatanunua hata yai bila fedha ya Maria Theresa. Akapewa na Austria mihuri ya kugongea, na Roma ikaanza kuzitoa. Wafanyabiashara wa mataifa mengine wakaona watakosa fedha ya Bahari ya Shamu, kwa hiyo na wao wakachonga mihuri yao. London ikagonga, Paris ikagonga, Brussels ikagonga, baadaye Bombay na Birmingham pia. Wote waliandika 1780, wote waliweka S.F. Inakadiriwa kwamba kwa jumla zimegongwa karibu milioni 400.

Kwa hiyo yule mtu wa Lilongwe alisema kweli. Sarafu ya Mama Habesha inaweza kuwa imetoka katika mji wowote kati ya hiyo, na mwaka wake si mwaka wake. Ni kopi.

Lakini swali la Mama halikuwa hilo. Aliuliza kama bibi yake alidanganywa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo miaka yote ya kutoa fotokopi sikuwahi kulifikiri.

Watu wa masoko ya Ethiopia na Arabuni hawakuwa wajinga. Walijua sarafu za bandia zipo, maana risasi iliyopakwa fedha juu si jambo jipya duniani. Kwa hiyo walikagua. Waliipima kwenye mizani. Waliiangusha juu ya jiwe wasikilize mlio. Walihesabu lulu za kile kipini begani. Hakuna aliyeuliza, "Hii ilizaliwa Günzburg au London?" Waliuliza, "Fedha yake imetimia? Ndiyo huyu tunayemjua?" Ikipita hapo, imepita.

Na wakubwa walijaribu kuwabadilisha, wakashindwa. Waitalia walipoichukua Eritrea, mwaka 1891 walitoa sarafu kubwa kama hiyo, yenye sura ya mfalme wao Umberto. Fedha yake ilikuwa sehemu 800 katika 1,000, si 833. Watu wakaipa mgongo. Mwaka 1918 Waitalia wakarudi na akili nyingine. Safari hii waliweka fedha ya kutosha, sehemu 835, na picha ya mwanamke wa kufanana na Maria Theresa. Uzito sawa, fedha imezidi kidogo. Watu wakaitazama, wakasema huyu si yeye. Nayo ikakataliwa. Hata Mfalme Menelik II mwenyewe, aliyeshinda vita Adwa, alianza mwaka 1894 kutoa sarafu zake, zilizogongwa Paris kwa uzito uleule. Ziliitwa birr, neno ambalo kwao maana yake ni fedha, kama sisi tunavyosema "fedha" tukiwa na maana ya madini na ya pesa pia. Lakini kwa miaka mingi watu wa mashambani waliendelea kumdai mama wa 1780. Amri ya mfalme haikutosha.

Naona hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni uzito, yaani kilichomo ndani. La pili ni watu, yaani wale wa sokoni wanaokujua na kukupokea. Umberto alikosa uzito. Sarafu ya 1918 ilikuwa na uzito ikakosa watu. Ya Mama Habesha inavyo vyote viwili.

Mambo haya ni ya kale kuliko Austria. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mfalme Philip wa Makedonia, baba yake Aleksanda Mkuu, aligonga sarafu za dhahabu zenye kichwa cha mungu Apollo upande mmoja, na upande wa pili gari linalovutwa na farasi wawili, jina lake likiwa chini. Philip aliuawa mwaka 336 kabla ya Kristo, lakini sarafu zake ziliendelea kugongwa kwa jina lake baada ya kifo, kama za Maria Theresa. Kaskazini yake waliishi Wakelti, waliokuwa mashuhuri kwa kukodishwa vitani. Dhahabu ya Philip ikawafikia, nao wakaanza kugonga za kwao kwa kuiga. Kuiga huko kukasambaa mpaka Ufaransa ya leo na kuvuka bahari mpaka Uingereza. Kizazi baada ya kizazi picha ikabadilika. Farasi wawili wakawa mmoja. Gari likabaki gurudumu moja linaloelea. Nywele za Apollo zikawa mawimbi, herufi za Kigiriki zikawa vijiti tu. Ukiiweka ya Philip na ya mwisho kabisa pamoja, huwezi kuamini ni ukoo mmoja. Lakini watu wa kule waliipokea, kwa sababu ilikuwa imeshakuwa ya kwao. Leo makumbusho ya Ulaya yanaziweka ndani ya kioo, na hakuna anayeziita kopi mbaya za Philip. Zinaitwa sarafu za Wakelti.

Na sisi tunaosema Kiswahili tusicheke. Sarafu ya Maria Theresa ilipita kwetu pia. Meli ziliileta kutoka Bahari ya Shamu na Maskati mpaka Unguja, na enzi za Sayyid Said bei za karafuu, pembe za ndovu, na hata za watu waliotiwa minyororo, zilihesabiwa kwa reale hizo. Pembe nyingi zilitoka kwetu Kongo, zikavuka ziwa mpaka Ujiji, zikapita Tabora mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1882 Sultani Barghash akaagiza reale zenye jina lake mwenyewe zigongwe Ubelgiji. Hazikudumu, rupia ya India ikashika soko.

Mwaka 1890 ikaja zamu ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Je, ilileta marki za kwao? Hapana. Ilitoa rupia yenye uzito wa ile ya India, ikamweka Kaisari Wilhelm II pale watu walipozoea kumwona Malkia Victoria. Sarafu zake ndogo za shaba ziliitwa pesa, kutokana na paisa ya Wahindi, na upande mmoja ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Yaani mtu mwenye mizinga alifika sokoni akaona hana budi kuiga, la sivyo hapati mnunuzi wala muuzaji. Mwaka 1904 wakabadilisha mgawanyo, rupia moja ikawa heller 100. Ndiyo hela.

Kwa hiyo ukisema "sina pesa" umemtaja Mhindi, ukisema "sina hela" umemtaja Mjerumani. Warundi wanasema "amafaranga" na sisi Wakongomani tunasema "franga", Mfaransa na Mbelgiji wamo humo. Na ukishuka Lumbadzi kununua nyanya, mama wa Kichewa anataka "ndalama", neno ambalo sikioni mwangu ni ndugu wa "darahima", yaani dirhamu za Waarabu. Na jina dirhamu lilitoka kwenye drakma ya Wagiriki, walewale majirani wa Mfalme Philip. Mdomoni mwetu hatuna hata sarafu moja ya orijino, na bado tunanunua nazo nyanya kila siku.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Kuna mama mmoja hapa kambini, amepita miaka hamsini, muuguzi wa A2 kutoka Kongo. Diploma yake ya orijino ilibaki ndani ya nyumba iliyochomwa. Alichobaki nacho ni fotokopi ya fotokopi. Kila anapoomba kazi, ofisi inachukua kopi iliyo nzuri, yeye anabaki na iliyofifia, kisha anakuja kwangu nitoe nyingine kutoka kwa hiyo iliyofifia. Nimeiona ile karatasi ikizeeka kama mtu. Mhuri umekuwa wingu jeusi. Sahihi ya mkuu wa shule imebaki nukta tatu. Mara ya mwisho alitoka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Waliishika karatasi yake kwa vidole viwili, wakamwambia alete orijino au barua ya shule. Ameiandikia ile shule mara nne, hajajibiwa.

"Mdogo wangu," akaniambia, "ongeza wino kidogo, labda mhuri utaonekana." Nikaongeza wino. Wingu likazidi kuwa jeusi.

Lakini usiku, mwanamke akishikwa na uchungu na gari halijafika, nyumba inayogongwa mlango ni ya nani? Ni yake. Mwaka juzi, mvua inanyesha na njia zimejaa matope, alimzalisha jirani yangu mtoto aliyekuja na kitovu kimezunguka shingo. Yule mtoto leo anatembea, na anakuja kunichezea karatasi zangu hapa kibandani. Wanawake wa mtaa wetu hawajawahi kumwuliza diploma. Wameshasikia mlio wake juu ya jiwe.

Sisemi hivi kumtukana afisa yeyote. Afisa naye ana hofu yake, na hofu hiyo ina sababu. Karatasi za uongo zipo. Nimeletewa hapa hapa nibadilishe jina, nimekataa, na sina hakika kama nimewatambua wote walionijia na hila. Mtu asiyejua uuguzi akipewa sindano, anaweza kuua. Wa sokoni Harar hawakupokea kila kinachong'aa, na sisi pia tusipokee.

Lakini tazameni walivyofanya. Mbele ya sarafu wasiyojua imetoka wapi, hawakuitupa, wala hawakumwambia mwenye nayo arudi Günzburg akalete barua. Walitoa mizani. Hilo ndilo ninaloomba kwa ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Mtu akija na karatasi iliyofifia, msiishie kuishika kwa vidole viwili. Mwekeni mwenye nayo kwenye mizani. Muuguzi apewe wiki mbili wodini, chini ya jicho la muuguzi mkuu. Mwalimu apewe darasa na chaki, na mkaguzi akae nyuma. Fundi wa umeme apewe waya. Waliosoma naye na waliofanya kazi naye wapo humuhumu kambini, waiteni mmoja mmoja muwaulize. Akishindwa, ameshindwa, na hata yeye hatakuwa na la kusema. Akiweza, muandikieni ninyi karatasi mpya, yenye mhuri wenu na mwaka wa leo. Huyo mama ana uzito, ana watu. Anachokosa ni Günzburg tu, na Günzburg yake iliungua.

Na sisi wakimbizi tuna la kwetu pia. Mtu akifanya kazi vizuri, tumwandikie. Mama uliyezalishwa salama, weka jina lako na tarehe kwenye karatasi. Kibandani kwangu ushahidi wa namna hiyo nautoa bure.

Wiki ilipofika nilikwenda kwa Mama Habesha, nikaketi kwenye kigoda, akanimiminia kahawa. Nikamweleza yote, kuanzia mama wa Austria mpaka Mussolini. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza tena, polepole: "Kwa hiyo bibi yangu?"

"Bibi yako hakudanganywa, Mama. Mwaka ndio si wa kweli. Fedha ni fedha. Alitoa kahawa, akapewa fedha iliyotimia."

Akaguna, akatabasamu kidogo. Yule jirani wa Kamituga alisema anaweza kupata mtu wa kuinunua kwa uzito wa fedha yake, lakini bei haifiki hata ada ya muhula mmoja. Mama akairudisha shingoni. Ada ya mjukuu bado anaitafuta kikombe kwa kikombe, basi mkipita pale kanyweni.

Kabla hajaivaa aliniruhusu niitazame mara ya mwisho, na ndipo nilipoona kitu nilichokikosa siku ile ya kwanza. Ukingoni, kuzunguka unene wa sarafu, kuna maneno: IUSTITIA ET CLEMENTIA. Kilatini kidogo nilikipata seminari. Maana yake ni haki na huruma. Yapo kwenye zote, za Vienna na za Bombay.

Nilimwomba nijaribu kuyatolea kopi. Niliisimamisha sarafu kwenye kioo kwa kidole, mara tatu. Kila mara ulitoka mstari mweusi tu. Mashine yangu inachukua uso na mgongo, ukingo haiwezi. Anayetaka kuyasoma maneno hayo lazima aje mwenyewe, aishike sarafu mkononi na kuigeuza polepole.